Kibati cha Lubrificato

Wenzangu wa pwani walipojifunza Kiitaliano walianza na maneno matamu. Wauza vinyago wa Malindi walijua kusema bella kabla hawajajua kusema bei, na wapo waliojifunza maneno mengine ambayo mimi, bibi wa watu, siyaandiki. Neno langu la kwanza lilikuwa lubrificato. Sikufundishwa na mpenzi wala mtalii. Nilifundishwa na kipande cha bati kilichoning'inia kwa waya kwenye mashine ya kukamulia mashuka.

Maana yake ni kwamba kitu kimetiwa mafuta, kimelainishwa, kazi imekwisha, usikiguse tena. Ni neno zuri. Kosa lake moja tu: linaweza kuandikwa na mtu ambaye hakutia mafuta.

Majina ya watu wote nitakaowataja hapa ninayo kichwani, yao na ya baba zao, hata la paka wa jikoni. Lakini wengine wangali hai, na wengine wana watoto wenye vyeo, kwa hiyo nitawaita kwa kazi zao, ambazo baadhi yao hawakuzifanya.

Ilikuwa miaka ya themanini, hoteli ya Waitaliano pale Watamu. Mimi ni mtu wa Vitengeni, nikaolewa Matsangoni, na shule niliifikisha darasa la tatu nikaiacha pale pale ilipo. Nilikuwa na watoto wanne. Mume wangu alikuwa hai wakati ule, ingawa kwa kuitazama kazi ya nyumbani usingejua. Mkubwa wangu alikuwa Kilifi kwenye sekondari, na yule aliyemfuata alikuwa anaitolea macho hiyo hiyo sekondari. Nyumba nzima ilikuwa imekalia mgongo wangu, na mgongo wangu ulikuwa umekalia kazi ya dobi.

Chumba cha dobi kilikuwa na mashine mbili za kufulia, meza ya pasi, na mashine yangu. Hiyo ya kwangu ilikuwa pipa kubwa la chuma lenye matundu. Unalijaza mashuka yaliyolowa, unafunga kifuniko, linazunguka kwa kasi mpaka maji yanakimbia yenyewe. Ililetwa kwa meli kutoka kwao ikiwa imeshatumika, na walipoishusha ilionekana kama mtu aliyestaafu halafu akaitwa tena kazini.

Sheria ya chumba kile ilikuwa fupi. Mashine ikifia mikononi mwako, unakwenda nayo. Aliyekuwa kabla yangu alikatikiwa na mkanda wa mashine saa tatu asubuhi, na saa sita mchana alikuwa barabarani ameshika kikapu chake. Mkanda ulikuwa umechakaa tangu huko Italia, lakini mkanda haufukuzwi kazi.

Sasa huyo injinia. Alikuwa Mwitaliano mfupi, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisema alifanya kazi miaka mingi katika karakana kubwa kwao, na huko kila chuma kinachozunguka kina siku yake ya mafuta, kama vile sisi tulivyo na siku ya kanisa. Siku ya kwanza alitukusanya akasugua viganja vyake vikavu, kwaru kwaru, akauliza, "Sikia?" Tukasema tumesikia. Akadondosha tone la mafuta akasugua tena, kimya.

"Hii ndiyo injinia yote," akasema. "Chuma na chuma hapana gusana. Kati yao lazima grisi, kidogo, kama ngozi ya kitunguu."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Katika miaka yote niliyokaa pale sikusikia mtu mwenye cheo akisema jambo la maana zaidi. Kisha akaenda akaliharibu kwa vibati.

Alikata vibati ishirini na viwili. Upande mmoja alivipaka rangi nyekundu na kuandika da lubrificare, yaani yapaswa kutiwa mafuta. Upande wa pili kijani, lubrificato. Kila mashine ya hoteli ikapata chake: pampu ya maji, mashine ya barafu, majiko, sisi. Kila Ijumaa jioni injinia alipita akivigeuza vyote viwe vyekundu. Jumamosi asubuhi fundi wa grisi anapita, anatia mafuta, anageuza kijani. Jumamosi mchana injinia anapita tena na daftari, anaona kijani, anaweka saini. Huko kwao nadhani mpango huo ulifanya kazi. Huko kwao labda kuna mtu anayeinama.

Feni ndogo ya ukutani peke yake haikupewa kibati. Ilikuja na maandishi yake kutoka kiwandani, lubrificato a vita. Injinia alinieleza kwamba maana yake imetiwa mafuta ya maisha yake yote. Nikamuuliza, maisha ya nani, ya feni au ya mwenye feni? Akacheka. Feni ile ilikufa kabla ya Krismasi, kwa hiyo maandishi hayakusema uongo.

Fundi wa grisi alikuwa kijana wa bara, mrefu, msafi kupita kiasi. Alipopandishwa cheo alipewa ovaroli nyeupe, na hapo ndipo kazi ilipokwisha. Grisi na ovaroli nyeupe havikai nyumba moja. Tena tundu la grisi la mashine yangu lilikuwa nyuma, ukutani, mahali ambapo maji ya sabuni hupita. Kulifikia lazima upige magoti na kutambaa. Fundi wetu alitazama goti lake, akatazama maji, akaamua kuwa mashine ni nzima.

Akajichongea kijiti chenye msumari nchani. Kwa kijiti hicho alivigeuza vibati vyote bila kuinama, akipiga mluzi, vibati ishirini na viwili kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na chai bado ya moto. Sikuwahi kuona ufundi kama ule. Ijumaa mzungu anageuza, Jumamosi mtu wa bara anageuza, na mashine yenyewe inatazama.

Mwezi wa Mei, hoteli ikifungwa kwa mvua, kila kitu hupakwa rangi upya. Mwaka huo mwenye hoteli alikuwa anakuja, kwa hiyo hata mashine zilipakwa nyeupe. Mpakaji wa rangi alikuwa mtu wa bidii. Yule paka wa jikoni angesimama vibaya, naye angepakwa. Mashine yangu ilimeremeta kama bibi harusi.

Julai tukafungua, na bibi harusi akaanza kulia.

Kwanza ilikuwa sauti nyembamba, iii, pipa linapoanza kuzunguka. Baada ya wiki ikawa inalia mwanzo mpaka mwisho. Mwenzangu wa pasi, mama wa mjini Malindi, mtu wa buibui na ulimi mkali, alikuwa akiniuliza kila asubuhi kwa Kiswahili chake cha mjini.

"Mwenzangu, huyo mgonjwa wako kaamkaje leo?"

"Kaamka analia."

"Jana alikuwa yuapiga kelele kama mwenye uchungu. Mtazame, atatuzalia hapa."

Nikamwita fundi. Alikuja mpaka mlangoni, mahali penye sakafu kavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi, mashine inalia."

"Inalia? Imefiwa?"

"Njoo uisikilize."

"Mama, wewe unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Soma hapo kwenye kibati."

"Lubrificato."

"Basi. Imeandikwa na injinia kwa mkono wake. Ikilia na maandishi yapo, ni furaha hiyo."

Mama wa pasi akadakia bila kuinua macho kwenye pasi yake. "Baba, na wewe ukilia tukutundikie kibati?"

Fundi akacheka akaondoka. Nikamwendea injinia mwenyewe, nikamwambia, sinyore, mashine ina shida. Akafungua daftari, akapitisha kidole, Jumamosi hii, Jumamosi ile, zote na saini. "Hapana shida, mama. Yote lubrificato." Akanipigapiga bega. Hakwenda kuigusa. Hata juzi hapa kliniki daktari kijana amelitazama faili langu akaniambia magoti yangu yanaendelea vizuri. Nikamwambia, mwanangu, magoti hayamo humo kwenye faili.

Haya. Ningefanya nini? Nilijua ile inakwenda kufa, na nilijua itafia mikononi mwa nani. Kila ilipolia nilimwona mwanangu anarudi kutoka Kilifi na sanduku kichwani.

Basi nikafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelifanya. Nyumbani mlango ukilia tunautia mafuta ya nazi. Baiskeli, mafuta ya nazi. Mtoto ngozi imepauka, mafuta ya nazi. Nikakuna nazi, nikachuja tui, nikalipika mpaka mafuta yakajitenga, nikayatia kwenye chupa, nikaenda nayo kazini ndani ya kikapu chini ya muhogo wangu wa mchana. Kabla wengine hawajafika nilitambaa nyuma, nikamimina vijiko viwili pale chuma cha katikati kinapoingia kwenye beringi. Nikawasha.

Kimya. Haki ya Mungu, kimya kama mtoto aliyenyonya.

Fundi alipita Jumamosi na kijiti chake, akasimama akasikiliza. "Umeona, mama? Grisi imeshika."

"Nimeona, fundi. Una mkono mwepesi."

Alifurahi. Mpaka leo sijui kama alikuwa anaamini.

Kila asubuhi nikawa ninaipa vijiko vyake viwili, kabla ya chai yangu. Chumba cha dobi kikaanza kunukia jiko la sikukuu. Mama wa pasi alinijua siku ya pili tu. "Dada, huku kwanukia kaimati. Kama wamlisha, na sisi tubakishie." Mgeni mmoja mwanamke alimwuliza mhudumu mashuka yanafuliwa kwa manukato gani, akitaka kununua. Nami kichwa kikanivimba. Nikasema moyoni, wana vibati, wana daftari, wana karakana kubwa, na mashine yao inaishi kwa nazi ya Matsangoni.

Kumbe nilikuwa ninamwua taratibu, kwa mapenzi. Mafuta ya nazi ni mepesi, yanapita. Kila yalipopita yaliondoka na ile grisi kidogo iliyobaki tangu mwaka wa nyuma. Hilo nililijua baadaye. Lakini kuna jambo nilipaswa kulijua, maana kila mtoto wa pwani analijua: upepo wa kusi ukivuma na asubuhi zikawa na baridi, mafuta ya nazi huganda. Agosti kila nyumba ina chupa dirishani inasubiri jua.

Na Agosti ndio mwezi ambao Italia nzima hufunga mlango ikaja Watamu.

Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu. Hoteli imejaa mpaka chumba cha stoo kina kitanda. Mashuka yalikuwa mlima. Nikatoa chupa yangu, nikaigeuza, hakikutoka kitu. Mafuta yamekuwa meupe, magumu, kama samli. Nikaiweka juu ya bomba la maji ya moto, nikangoja. Mhudumu wa vyumba akaja na kikapu kingine, akaja na cha pili, akasema meneja anauliza mashuka. Nikasema, leo tu. Vijiko viwili vya jana vitamtosha leo. Kumbe na hivyo vya jana vilikuwa vimeganda humo humo ndani.

Nikawasha. Ililia kama ilivyolia Julai, na zaidi. Nikaiacha, nikishika kifuniko kwa mikono yote miwili kana kwamba ninambembeleza. Saa nne hivi ikapiga yowe moja, mkanda ukatoa moshi, pipa likasimama ghafla na mashuka ya watu tumboni. Harufu ikajaa, machicha yaliyoungua.

Fundi alifika mbio. Hakuniuliza kama nimeumia. Alitazama kibati, akaona kijani, akapumua. "Asante Yesu," akasema.

Injinia akafika na daftari. Akajaribu kulizungusha pipa kwa mkono, halikuenda. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, nasema haki yake. Akafungua daftari akaniwekea mbele, mimi wa darasa la tatu.

"Mama. Hapa lubrificato. Hapa saini. Hapa lubrificato, hapa saini. Mashine alikuwa nzima. Wewe nafanya nini?"

Fundi akasema kwa sauti ya upole, "Labda alijaza mashuka kupita kiasi, sinyore. Hawa kina mama hawapimi."

Mama wa pasi akaiweka pasi chini. Lakini nilimwekea mkono, nijisemee mwenyewe. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kikapu changu kwa macho. Nilichokuwa nacho kichwani ni sekondari ya Kilifi, na hasira. Hasira ndiyo iliyosema.

"Sawa, sinyore. Nitakwenda. Lakini kwanza nionyeshe hiyo grisi huingilia wapi, ili nikifika nyumbani niwaambie watoto nimefukuzwa kwa sababu ya tundu gani."

Alinitazama. Nadhani alifurahi kuulizwa jambo la kazi. Akamwambia fundi alete bomba la grisi. Fundi akachelewa kulipata, na alipolileta lilikuwa na vumbi. Injinia akalitazama vumbi, akapiga magoti kwenye maji ya sabuni na suruali yake nzuri, akatambaa nyuma ya mashine. Tukamsikia akihema. Tukasikia bomba likigonga chuma, likiteleza, likigonga tena. Mdomo wa bomba haukushika.

Kisha sauti ya ukucha ukikwaruza.

Alitoka kinyumenyume, ameshika kitu kati ya vidole viwili. Kilikuwa kigamba cha rangi nyeupe, cha mviringo, kizima, kimefuata umbo la tundu lile kama kofia. Rangi ya Mei. Ilikuwa imefunika mdomo wa grisi tangu siku ile ya kupaka, na haikuwa na hata ufa.

Mama wa pasi akasogea akakitazama kile kigamba kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa pete ya uchumba. "Sinyore," akasema, "hiyo grisi ya kila Jumamosi ilikuwa ikipita wapi? Ama nayo ilikuwa ikipita kwenye daftari?"

Fundi alikuwa anaitazama dari. Kijiti chenye msumari kilikuwa kimechomoza kwenye mfuko wa ovaroli. Injinia alikiona, akakitoa, akakigeuza geuza, akakielewa. Kisha akafungua daftari akaanza kuzitazama saini zake, moja moja, na jinsi alivyokuwa akizitazama nilimwonea huruma, maana saini zilikuwa nzuri.

Halafu akanusa vidole vyake.

"Hii nini? Jikoni?"

Ningeweza kunyamaza. Tayari nilikuwa nimepona. Lakini chupa ilikuwa pale pale juu ya bomba la maji ya moto, na sasa, kwa wema wake, mafuta yalikuwa yameyeyuka, yanang'aa.

"Ni mafuta ya nazi, sinyore. Nilimpa mimi. Kila siku vijiko viwili, ila leo yaliganda."

"Kwa nini?"

"Alikuwa analia. Na ninyi mlikuwa mnasoma."

Injinia akakaa juu ya kikapu cha mashuka machafu. Ndipo akanieleza, bila ukali, jinsi mafuta mepesi yanavyosafisha grisi nzito. Nikamwuliza, kama nisingemtia angeishi? Akafikiri. Akasema bila hayo mafuta yangu angekufa Julai, labda, au angefika Septemba, labda, hajui. Sote watatu, yeye, fundi na mimi, tulikuwa tumeshika jeneza moja na hakuna aliyejua nani kabeba upande mzito.

Akachukua kalamu, ile ya pili, akaandika neno moja kwenye daftari na kuweka saini. Nikalisoma kwa herufi: vecchiaia.

"Maana yake nini?"

"Uzee," akasema. "Mashine alikuwa mzee."

Basi mashine ikafa kwa uzee, na hakuna aliyefukuzwa. Mwanangu akamaliza sekondari yake. Mashine mpya ilipokuja, injinia alinipa mimi kibati chake na bomba, na hakikugeuzwa kijani mpaka grisi mpya imetokeza pembeni na mkono wangu umeigusa. Vibati vingine ishirini na kimoja sijui. Sikuwa ninatambaa huko.

Lakini mashine mpya haikufika siku ile. Ilifika baada ya wiki mbili, na wiki mbili za Agosti mashuka ya Italia nzima yalikamuliwa kwa mikono: mtu huku, mtu kule, kila mmoja anasokota upande wake. Injinia ndiye aliyepanga nani asimame na nani. Mimi nilipewa fundi.

Alikuja asubuhi ya kwanza na ovaroli yake nyeupe. Nikampa ncha ya shuka, nikasokota. Maji yakamrukia kifuani, yakashuka mpaka magotini, yakaingia viatuni.

"Mama, hili si limekauka sasa?"

"Nani kakwambia?"

"Naona."

"Usione, baba," nikamwambia. "Shika. Sokota tena."

Nyuma yetu mama wa pasi alikuwa anangoja na pasi yake ya moto, anatuhesabia kwa sauti kama mwalimu wa chuo cha Kurani.